Mhakiki wa muziki wa klasiki: anaanzia wapi mtu asiyesoma muziki?

Besi_wa_Rau (Moshi)
Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa. Naandika taarifa za mechi za mpira hapa Moshi, na jioni naimba besi kwenye kwaya ya usharika wetu. Mwezi uliopita niliandika kuhusu tamasha la kwaya, nikasema kwaya moja ilishusha sauti kwenye Haleluya ya Handel mpaka mpiga kinanda akaacha kupiga. Kiongozi wao alinipigia simu usiku, akaniuliza mimi ni nani hata niwahukumu. Sikulala. Lakini niligundua kwamba hii ndiyo kazi ninayoitaka. Nina kidato cha nne tu. Hao wahakiki wakubwa walianzaje?

Mwalimu_UsaRiver
Marahaba mdogo wangu. Mtafute Neville Cardus. Alizaliwa Manchester 1888 katika umaskini, shule aliiacha mapema, akajisomea kwenye maktaba za umma. Mwaka 1919 gazeti la Manchester Guardian lilimpa kazi ya kuandika kriketi, na 1927 akawa mhakiki wake mkuu wa muziki. Kriketi hakuiacha. Mwaka 1967 akapewa cheo cha Sir. Kwa hiyo mpira wako usiuonee aibu, umekufundisha kumsimulia mtu ambaye hakuwepo uwanjani.

Sasa hiyo makala yako. Nimefundisha kwaya miaka mingi na nakwambia kwa upendo: "walishusha sauti" haitoshi. Walishuka wapi? Kwenye Haleluya, pale pa "Mfalme wa wafalme", soprano, wale wa sauti ya juu, wanashikilia nota moja ndefu huku wengine wakijibu chini yao, kisha wanapanda hatua moja, wanashikilia tena, wanapanda tena. Asiyegawa pumzi pale sauti yake itashuka chini ya nota, na wenzake watashuka naye. Ungeandika hivyo, yule kiongozi angekasirika bado, lakini Jumanne ya mazoezi angewapa soprano zoezi la pumzi. Sikiliza ukiwa na karatasi ya nota mkononi, hata kama ni za do-re-mi.

Mama_Alto (Arusha)
Mwalimu kasema vizuri, ila mwambieni na habari ya ugali. Hanslick, mhakiki wa muziki aliyeogopwa Vienna nzima, alisomea sheria, akafanya kazi serikalini, baadaye akawa profesa. Harold Schonberg, mhakiki wa kwanza wa muziki kupata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi Marekani, 1971, alikuwa ameajiriwa na gazeti la New York Times. Hapa kwetu hakuna gazeti litakalokuajiri kwa kazi hiyo peke yake. Mpira usiuache. Ukipata ada, Chuo Kikuu cha Makumira wana shahada ya muziki, na si mbali na wewe.

Halafu jifunze kusifu pia. Mwaka 1853 mtunzi Schumann aliandika makala ya kumsifu Brahms, mtunzi kijana wa miaka 20 tu, hajulikani, na Ujerumani ikageuka kumtazama. Kwenye tamasha lile hakukuwa na mtoto hata mmoja aliyekusimamisha nywele?

Besi_wa_Rau
Alikuwepo, mama. Binti wa alto, kwaya ya mwisho, aliimba ubeti mmoja peke yake na watu wakaacha kupepea vipeperushi. Sikumwandika hata mstari mmoja. Namwandika leo usiku. Na kwaya ile nyingine inaimba tena Jumapili. Nimeshaazima nota, nitakaa upande wa soprano.