Ushauri: naweza kuitoa sampuli moja ya tope kwenye ripoti?

Tope_Jeusi: Wakuu, utafiti wangu ni wa maji taka kwenye tope la bandari ya Malindi, Unguja. Nimepima koprostanoli, kemikali inayoonyesha kinyesi. Sehemu moja uwiano wake na kolestanoli (ndugu yake anayejitengeneza kwenye mazingira) umepita 0.7, kwingine uko chini ya 0.3. Nikiitoa hiyo moja kuna ubaya? Muda wa kukabidhi umefika, usingizi sipati.

Kifuu: Si ungepima E. koli tu? Rahisi.

Tope_Jeusi: Hao hufa upesi kwenye maji ya chumvi. Koprostanoli hutengenezwa na bakteria wa utumboni kutokana na kolesteroli, inanasa kwenye chembe za tope, na pasipo oksijeni hukaa miaka.

BintiForodhani: Sisi tumekua tukiruka Forodhani hapo, mabomba ya Mji Mkongwe yanamwaga mbele yetu. Mbona wazima? Watoto wa siku hizi aiskrimu tu hoi.

Fundi_Chuma: Zaidi ya 0.7 ndiyo dalili ya kinyesi chenyewe, unaitoaje? Au ni ng'ombe? Wao wana etili-koprostanoli nyingi.

Tope_Jeusi: Nimeangalia, ni kidogo sana. Ni ya watu.

Fundi_Chuma: Hapo pana nini?

Tope_Jeusi: Bomba.

Fundi_Chuma: La nani, mkuu?

Tope_Jeusi: La hoteli ya ami yangu. Ndiye anayenilipia ada. Ila sighushi kitu, naiacha tu. Tena ile sampuli niliitia kwenye mfuko wa plastiki badala ya foili, kwa hiyo sababu ya kitaalamu ipo.

Fundi_Chuma: Plastiki itakuletea uchafu wa plastiki. Koprostanoli haitoki kwenye plastiki.

Ustadhi_K: Kijana, ogopa Mungu. Kuna watu wanavua hapo.

Mzee_wa_Kahawa: Ripoti italiwa na mchwa maktabani. Ada inadaiwa muhula huu. Toa.

Nyuki: Chai hii. Hoteli ya ami, bomba la ami, ada ya ami! Weka kromatogramu, ule mchoro wa majibu ya mashine, tuione.

Tope_Jeusi: Siwezi, ina jina la sampuli.

Nyuki: Lifute, tubakizie vilele tu.

Fundi_Chuma: Uzi una saa nne sasa, mleta mada kimya.

Kifuu: Chai au si chai, hoteli gani jamani? Nina harusi Unguja mwezi ujao na chumba nimeshalipia.