Naomba ushauri: fimbo zangu za gofu ni za zamani, nibadilishe au nizikarabati?

Wakuu, habari za asubuhi. Nipo Tanga, nacheza gofu kila Jumamosi. Fimbo nilizirithi kwa marehemu mjomba, za miaka ya 1990. Za chuma bado zimenyooka, ila upepo wa bahari umezitia kutu shingoni, na raba ya mshikio imekauka, nikitoka jasho inateleza. Draiva, ile fimbo ya kupigia mpira mbali, ndiyo kichekesho: kichwa kama ngumi ya mtoto, wakati za sasa zinafika sentimita za ujazo 460. Kuna jamaa anauza seti iliyotumika, hapunguzi hata mia. Nibadilishe raba na kununua draiva tu, au nichukue seti nzima? Bado napiga mipigo 100 na ushee kwa mashimo 18, msinicheke. Fundi wa kubadilisha raba nitampata wapi hapa Tanga?