The Castle (1997): kisheria, Darryl Kerrigan angeshinda kweli?

Kiti_cha_Mbele
Wakuu, swali kuhusu ile komedi ya Australia. Familia ya Kerrigan inakaa ubavuni mwa uwanja wa ndege, Coolaroo, Melbourne. Uwanja unataka kupanuka, barua ya kuhamishwa inaingia. Mzee Darryl anagoma, kesi inafika Mahakama Kuu ya Australia na anashinda kwa kifungu cha Katiba kuhusu kutwaa mali "kwa masharti ya haki". Kifungu hicho kipo kweli? Na kwa Tanzania hoja ile ingesimama?

Karani wa Zamani
Kipo: 51(xxxi). Ila kimo kwenye orodha ya mambo ambayo Bunge la Shirikisho *linaruhusiwa* kuyatungia sheria. Hakisemi usichukue, kinasema ukichukua, lipa kwa haki. Hapo ndipo filamu inapoteleza. Wakili mstaafu Hammill anadai kuwa nyumba ina bei lakini makazi ya familia hayana, kwa hiyo hakuna malipo yatakayokuwa ya haki. Inaingia moyoni, lakini Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1989 tayari inampa mtu aliyekuwa akiishi katika nyumba hiyo nyongeza juu ya bei ya soko. Yaani Bunge limeshayapigia hesabu hata machungu. Jaji angeanzia hapo.

Hoja yenye meno ni ile ya kusudi: utwaaji lazima uwe kwa jambo lililo ndani ya mamlaka ya Bunge, na anayenufaika kwenye filamu ni kampuni binafsi. Tena kifungu kinaibana serikali ya shirikisho peke yake. Jimbo la Victoria likitwaa kwa sheria yake lenyewe, 51(xxxi) haikusaidii.

mwanasheria_koko
Naongezea mawili. Mahakama Kuu ya kule ndiyo ya mwisho, msiichanganye na Mahakama Kuu yetu. Hufiki bila kibali maalumu cha kukata rufaa, na ukishindwa mbele ya jaji mmoja wa Mahakama ya Shirikisho unapitia kwanza jopo la majaji wa mahakama hiyohiyo. Filamu imeruka ngazi.

La pili, Dennis Denuto, wakili wa kwanza wa Darryl kwenye filamu. Mahakamani anaulizwa kifungu gani kimevunjwa, anataja Katiba, Mabo, haki, halafu "ile hali yake tu". Mabo ni hukumu ya 1992 ya watu wa kisiwa cha Mer, kuhusu haki ya wenyeji juu ya ardhi yao. Si kesi ya fidia ya utwaaji. Kisheria amepotea njia. Lakini angalieni, Darryl mwenyewe anakuja kuona kwamba sasa anaanza kuelewa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, walivyojisikia, na kicheko kinakwama kooni. Hicho ndicho kipande bora cha filamu kwangu.

Kiti_cha_Mbele
Shukrani. Na Bongo?

Karani wa Zamani
Ibara ya 24(2) ya Katiba yetu inakataza kunyang'anywa mali bila sheria inayoweka "fidia inayostahili". Kwa hiyo nako ugomvi huwa ni wa kiasi. Kanuni za fidia za 2001 zina vipengele ambavyo watu husahau kuvidai: bei ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya makazi ambayo ni kodi ya mwezi mara 36 (kodi ya 200,000 inakupa 7,200,000), usafiri wa mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20, na hasara ya faida kama kuna biashara.

Makosa ya kawaida: kusaini fomu kabla ya kuhesabu vyumba, choo cha nje, kisima na miti mmoja mmoja, na kutotunza nakala. Malipo yakipita miezi sita, dai riba. Kiwanja kisichokaliwa hakina posho ya makazi wala usafiri, hivyo usipoteze muda kuigombania.

mwanasheria_koko
Na duka lililomo ndani ya nyumba bila hesabu za maandishi, hiyo hasara ya faida sahau.