Tupeane uzoefu: uliwahi kuanguka kazini kwenye bustani ya kuuza maua na miche?

MamaAsumini
Wadau, salaam. Naanza na langu. Nauza miche Dar es Salaam, mwaka wa tatu sasa. Aprili, asubuhi tumetoka kumwagilia, mteja akataka mwasumini mkubwa upelekwe kwenye gari. Ukikumbatia chungu cha namna ile huoni unapokanyaga. Mpira wa maji ulikuwa umelala katikati ya njia, kijani juu ya majani ya kijani. Ukaninasa mguu, nikaangukia mkono. Mfupa wa kifundo cha mkono ukavunjika, nikakaa na hogo wiki 6. Bosi alinipa pole na nauli, basi. Na ule mpira bado unapita palepale, ndicho kinachoniuma zaidi. Wenzangu yaliwakuta yapi?

Kijana wa Toroli
Pole sana dada. Mimi ni ukoga. Chini ya wavu wa kivuli hapakauki, masika njia yote inaota kijani, nami nilivaa kandambili. Niliteleza na ndoo ya samadi, kiuno hadi leo. Siku hizi kila Jumamosi tunasugua njia na kumwaga kokoto.

Mzee wa Vitalu
Dada, usiishie kwenye nauli. Huku Bara mwajiri ndiye anayechangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, wewe hukatwi hata shilingi. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda kwa sababu ya ajali ya kazini, fidia ni asilimia 70 ya mshahara. Ila taarifa ifike ndani ya miezi 12. Mimi nilijikwaa kwenye chaga ya mbao iliyochomoza chini ya meza ya miche, goti likapasuka. Kabla sijaenda hospitali nilimwomba mwenzangu apige picha. Kesho yake chaga haikuwepo, na msimamizi akasema haijawahi kuwepo. Picha ile ndiyo iliyosimama upande wangu.

Mwana wa Likoni
Huku kwetu Kenya ni sheria ya WIBA ya 2007, ya fidia kwa wanaoumia kazini. Ukishamjulisha mwajiri, ana siku 7 za kuripoti. Mjulisheni kwa maandishi, jamani, ya mdomo hukanwa.

MamaAsumini
Ahsante sana mzee wangu. Picha sina, lakini jirani anayeuza vyungu aliniona nikianguka, na cheti cha hospitali kina tarehe. Kesho namwendea tuandike.