Omena yangu inapata laiki lakini hainunuliwi, nicheze aje?

NyarDunga: Hamjambo wadau, niko Kisumu, nauza omena iliyokaushwa (dagaa wa ziwani) kwa status ya WhatsApp na Facebook. Kila asubuhi naposti gorogoro (mkebe wa kupimia) imejaa na bei, basi. Watu wanaweka makofi na moto, nikiuliza nani anataka, kimya. Sasa kuna dada mwingine ameingia, akishusha shilingi 20 nami nashusha, tumeshushana mpaka nauza nikijua kabisa sipati kitu. Nilijaribu kulipia tangazo nikaona viu tu. Nifanye aje jamani?

MzeeWaDrafti: Dada unacheza drafti kama mtoto, ukiona kete unaikimbilia. Huku kwetu kwa vifuniko vya soda kula ni lazima, mtu anakutegea moja, ukishaila anakula mbili zako na anaingia kingi. Huyo anayeshusha bei amekutegea na wewe unakula kila siku! Bei yako iache palepale. Kete ya kutoa ni kikombe kimoja cha bure, mpelekee mwenye kibanda cha chakula aonje, huyo akizoea anachukua kila wiki.

AuntieWaKibuye: Mzee amesema ya bei, mimi niseme ya hadithi. Nyanya akisema hadithi hadithi tunaitika hadithi njoo, hakuwahi kuanzia mwisho. Wewe unaposti mwisho tu, gorogoro na bei. Omena inavuliwa usiku wa giza na taa, mwezi ukiwa mkubwa wanapata kidogo sana, si hiyo ni hadithi tayari? Jioni posti taa zikiwa ziwani, andika "leo giza, tungoje", ulale. Asubuhi posti ikianikwa. Status inakaa masaa 24 kwa hivyo ya jana ikikaribia kupotea ya leo inaingia, mtu anafuata tu. Bei waulize inboksi.

KijanaWaKondele: Auntie hapo kwa bei inboksi nakataa, mimi nikiona hayo maneno natoka. Bei iandikwe. Na omena yenye mchanga hakuna hadithi itaiuza, nilinunua kwa mtu mtandaoni nikatafuna mchanga mpaka ugali ukanishinda. Dada anika juu ya neti, si chini, halafu piga video ukiiosha kwa beseni jeupe tuone kinachobaki chini. Hiyo ndiyo itanifanya nitume M-Pesa.

NyarDunga: Nimerudi, ni siku nne sasa. Beseni jeupe sina, nilitumia la mtoto la bluu. Mchanga ulibaki kidogo chini na video nilikuwa nimeshapiga, nikaamua kuiacha hivyo hivyo nikaandika "hii siuzi, ya kesho ni ya neti". Nilidhani nimejimaliza. Watu wanane wakauliza hiyo ya kesho inatoka saa ngapi, sita wamelipa, na bei ilikuwa imeandikwa (pole auntie). Kikombe cha bure nimepeleka kwa mama wa kibanda, bado hajasema kitu. Yule dada ameshusha tena kumi, mkono unaniwasha. Na mwezi unakuwa mkubwa wiki ijayo, nikikosa mzigo niposti nini?

AuntieWaKibuye: Nimekubali ya bei. Posti mwezi wenyewe, waambie mzigo utakuwa mdogo, anayetaka aweke oda mapema.

MzeeWaDrafti: Na huo mkono ukalie.