UZI WA MALALAMIKO: Wauza bodi za amplifaya za betri, acheni kutuuzia wati za uongo na aisii (chipu za kukuza sauti) feki

Wakuu, salaam.

Nimevumilia vya kutosha. Kuna biashara imeota mizizi Kariakoo na kwenye magrupu ya WhatsApp: bodi ya amplifaya isiyozidi kiganja, stika imeandikwa wati 200, na muuzaji anakuapia kwamba ukiifunga kwenye betri ya volti 12 unazipata zote. Hupati. Hata bodi ingekuwa imetengenezwa vizuri namna gani, hupati, kwa sababu hesabu yenyewe inakataa.

Tuipige hapa hapa hadharani. Amplifaya isiyoungwa briji, ikila volti 12, inaweza kuisukuma spika volti 6 kwenda juu na 6 kwenda chini, basi. Chukua 6 mara 6, gawa kwa omu za spika (ukinzani wake) zikishazidishwa kwa mbili. Kwa spika ya omu 8 ni wati 2 na robo. Ukiunga briji, yaani amplifaya mbili zinasukumana na spika ipo katikati, unatumia volti zote 12: unapata wati 9 kwa omu 8, wati 18 kwa omu 4. Na hapo nimeihesabia aisii kama haipotezi hata chembe, wakati kila aisii inapoteza. Ukitaka zaidi ya hapo kwa spika hizo hizo, upandishe volti. Njia nyingine hakuna.

Halafu hizo wati 200 zingetoka wapi? Kwa volti 12 ni karibu ampea 17 bila hasara yoyote. Kibetri cha 7Ah (yaani ampea 7 kwa saa moja), hiki cha kwenye UPS ya kuokolea kompyuta umeme ukikatika, kingekata moto kabla ya nusu saa. Na vile vituo vya nyaya kwenye bodi zenyewe, vitazame tu kwa macho, havibebi ampea 17.

Kuna wajanja zaidi wanaokuonyesha datashiti, karatasi ya vipimo ya kiwanda. Aisii ya TPA3116D2, "wati 50 kila upande, soma mwenyewe bro". Nimesoma. Inasema wati 50 kwa volti 21, spika ya omu 4, sauti ikiwa imeshaharibika kwa asilimia 10. Asilimia 10 ni mkwaruzo ambao hata mtoto anausikia. Datashiti hiyo hiyo inasema kwa volti 14.4 ni wati 25, tena kwa mkwaruzo ule ule. Kwa nini mstari huo hukuuonyesha? Unachukua namba ya kweli, unang'oa masharti yake, unamuuzia mtu mwenye betri ya gari. Huo ni wizi. Marekani walichoshwa na wati za aina hii tangu 1974, Tume ya Biashara yao ikatoa kanuni ya jinsi nguvu ya amplifaya inavyopaswa kupimwa na kutangazwa. Sisi bado tunauziwa PMPO, zile wati za kilele za kwenye stika tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba uongo wenyewe hauhitajiki! Spika yenye unyeti wa desibeli 90, yaani sauti inayotoa kwa wati moja ukiwa mita moja, ukiipa wati 9, inafika karibu desibeli 100 ukiwa mita moja. Kwa sebule zetu jirani atakuja kugonga mlango. TDA7297 ya bei ndogo, aisii iliyoungwa briji ndani kwa ndani pande mbili, inamudu hadi volti 18, ukiipa betri ya volti 12 na kipoza joto cha alumini cha kutosha inakupigia muziki safi nyumbani. Na betri ina raha yake ambayo hakuna adapta inakupa: ule mngurumo wa umeme wa ukutani haupo. Ukisimamisha wimbo, kimya ni kimya kweli. Umeme ukikatika wewe hata huna habari. Hii ni kazi nzuri ya mikono, vijana wanaipenda, wanajifunza kulehemu, wanajifunza kusoma datashiti. Halafu mradi wa kwanza tu kijana anakutana na tapeli, wati 200 hazionekani, anaamini kosa ni lake na anaacha.

Sasa aisii feki. TDA2050 kampuni ya ST ilishaacha kuitengeneza, lakini madukani zimejaa, mpya zinang'aa. Nyingi ni aisii nyingine dhaifu zilizopigwa msasa mgongoni na kuandikwa upya. Futa kwa pamba yenye asetoni, mara nyingi maandishi yanaondoka na rangi. Na betri inawasaidia hawa watu kujificha: kwa volti 12 aisii feki haipati shida, inaimba vizuri pale dukani, wimbo mmoja, umeridhika, umelipa. Siku ukiunga betri mfululizo ili upate volti ambazo aisii halisi inazimudu bila wasiwasi, inapasuka na wakati mwingine inaondoka na spika. Ukirudi dukani unaambiwa umeunguza mwenyewe. Duka moja lilinijibu hivyo hivyo, risiti ninayo mkononi, aisii maandishi yameshafutika.

Wengine wanauziwa LM3886 na kuambiwa ni ya betri moja. Jamani! Aisii hiyo inaanzia volti 20 kwa jumla hadi 84. Kwa volti 12 haiwezi kufanya kazi inavyopaswa. Muuzaji asiyejua hilo angesema tu hajui.

Haya yote ni hasara ya fedha. Hili linalofuata ni la uhai.

Mnauza pakiti za lithiamu, seli tatu za duara za saizi ya 18650 zilizoungwa mfululizo, zimeandikwa 9900mAh, wakati ukiunga mfululizo zinajumlishwa volti tu, mAh zinabaki za seli moja. Seli nzuri ya saizi hiyo kutoka kampuni inayoheshimika huwa kati ya 2500 na 3500, na ina uzito wa gramu 45 hivi. Hizo zenu ukiziweka kwenye mizani ni nyepesi. Nyingine ni za laptop mbovu zilizovishwa nailoni mpya. Hamuweki bodi ya ulinzi inayokata chaji ikizidi, hamuweki fyuzi, halafu mteja akiuliza atachaji na nini, mnamwelekeza chaja ya betri ya pikipiki! Chaja ya betri ya asidi inapanda hadi volti 14.4. Gawa kwa seli tatu: 4.8 kila moja. Mwisho wa seli hizo ni volti 4.2. Mnamwambia mtu awashe moto chumbani alikolala, kitanda kimoja na watoto. Anayeuza hivi akijua ni mtu hatari, na asiyejua hana haki ya kuuza.

Ninachodai ni hiki. Kila bodi iandikwe wati ngapi, kwa volti ngapi, kwa omu ngapi. Pakiti ya lithiamu isitoke dukani bila bodi ya ulinzi, fyuzi na chaja yake ya volti 12.6. Aisii ikionekana feki, mteja arudishiwe fedha yake bila matusi.

Na ninyi wakuu mliopigwa, tunzeni risiti. Bidhaa bandia zina sheria yake, Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Hapa chini wekeni picha ya aisii mgongoni kabla na baada ya asetoni, uzito wa seli, na volti mlizopima kwenye spika kabla sauti haijaanza kukwaruza. Majina ya maduka msiweke, wekeni vipimo. Naanza na vyangu usiku huu nikitoka kazini.