Tupeane uzoefu: "turn up" mnaielewaje?

Hiki kitenzi cha Kiingereza cha maongezi kinasumbua kwa sababu "turn" ni kugeuza, "up" ni juu, lakini ukiviunganisha hakuna kinachogeuzwa. Mwenye njia ya kukifafanua aiweke hapa.

Mkalimani: Anza kwa kutafuta yambwa, yaani kile kinachotendwa. Isipokuwepo, maana ni kufika au kuonekana. "Ali turned up at ten": Ali aliibuka saa nne. Mimi huchagua kuibuka kuliko kufika, maana "turn up" mara nyingi hudokeza kutotarajiwa, kuchelewa au kutotoa taarifa. Yambwa ikiwepo, mara nyingi mtu anaongeza kitu: sauti, joto, mwanga.

Msahihishaji: Na mpangilio uzingatiwe. "Turn up the radio" na "turn the radio up" zote sawa, ila kiwakilishi hukaa katikati tu: "turn it up". "Turn up it" ni kosa.

Makosa makubwa zaidi yanatoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Sisi husema "alifika mkutanoni", na ile -ni imeshabeba mahali, kwa hiyo mtu anaandika "he turned up the meeting". Hapo ameufanya mkutano uwe yambwa, kama redio inayoongezwa sauti! Weka "at": "he turned up at the meeting". La pili ni "pete imepatikana" kuwa "the ring was turned up". Kwa maana ya kuonekana, kitenzi hiki hakina kauli ya kutendwa. Pete yenyewe ndiyo inayojitokeza: "the ring turned up".

Mkalimani: Hilo la pete ni muhimu sana. Kwa aliyepoteza funguo, "they'll turn up" ni kumtuliza: zitaonekana tu, usihangaike.

Fundi cherehani: Kwenye nguo, "turn up" ni kukunja pindo kwenda juu ili kufupisha. Ule mkunjo wa nje wa suruali Waingereza huuita "turn-up", Wamarekani "cuff".

Mwalimu wa jioni: Msiichanganye na "turn out". Zote hutumika kwa watu kujitokeza, lakini idadi ya waliojitokeza, kwa mfano kupiga kura, ni "turnout". Na kwenye barua rasmi, kufika andikeni "arrive" au "attend", kuongeza, "increase".